Kile Kidude Kichwani mwa Ukulele



Wengi mnaotuona kwenye mikesha ya hina mnatuuliza kuhusu kile kidude cheusi kinachowaka kijani kichwani mwa ukulele. Wapo wanaodhani ni maikrofoni. Wifi mmoja wa biharusi alituuliza waziwazi kama ni kamera, na hatukuchukia hata kidogo. Sherehe zetu ni za wanawake watupu, watu wamevua mabaibui, wamejipamba, ana haki ya kuuliza. Hapana dada, hakina kamera wala hakirikodi chochote. Ni tyuna ya kibanio. Kazi yake ni kutuambia kama uzi umekazwa sawasawa, basi.

Kwa msiotujua, sisi ni watatu na kazi yetu ni kushona nguo za maharusi hapa Unguja. Tukialikwa usiku wa hina tunachukua na dufu letu na ukulele mbili. Tuliipenda ukulele kwa sababu ni ndogo, inaingia mkobani pamoja na nguo na pini, na nyuzi zake za nailoni haziumizi vidole ambavyo kutwa vimeshika sindano. Nayo ni ala ya visiwani kama sisi. Ilizaliwa Hawaii, kutokana na vigitaa vidogo walivyokuja navyo Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliofika kwa meli mwaka 1879. (Kuhusu hukumu ya ala za muziki, kila mmoja amuulize anayemwamini kwa elimu. Hatuna ubavu wa kufungua mlango huo hapa.)

Mwanzo tulikuwa tunatumia programu ya simu. Nyumbani inafaa sana. Lakini simu inasikiliza kwa maikrofoni, kwa hiyo inasikia kila kitu: vigelegele, feni, watoto, sahani za biriani. Na siku hizi kwenye sherehe nyingi za wanawake simu zinakusanywa mlangoni, jambo ambalo sisi tunaliunga mkono kwa mikono miwili. Tyuna ya kibanio haisikilizi hewa. Inahisi mtikisiko wa mbao yenyewe pale ilipobana, hata ukumbini kukiwa na kelele unaweza kuweka nyuzi sawa pembeni bila kumsumbua mtu.

Kuitumia si kazi kubwa. Ibane kichwani mwa ukulele, kioo kikuelekee wewe. Piga uzi mmoja tu kwa kidole gumba, taratibu, na nyuzi nyingine uzizuie kwa kiganja. Herufi itatokea: ukianzia uzi wa juu, ule ulio karibu na kidevu chako, ziwe G, C, E, A. Mshale ukiwa kushoto, uzi umelegea. Ukiwa kulia, umekaza mno. Katikati ndipo penyewe. Ukipita, usirudi kidogo tu na kuishia hapo. Legeza mpaka chini ya sauti unayoitaka, kisha panda nayo polepole. Uzi unaomalizwa kwa kulegezwa hushuka tena katikati ya wimbo. Ni kama uzi wa cherehani usiokazwa, mshono unaonekana mzuri mezani halafu unafumuka mwilini.

Huo uzi wa G una hila yake. Ni mwembamba na sauti yake ni ya juu kuliko C na E, ingawa umekaa mwanzo. Tyuna nyingi zinaonyesha herufi tu, hazikwambii kama ni G ya chini au ya juu. Ukiona unakaza na kukaza na uzi unalia kama utakatika, simama. Pia tazama ile namba 440 kwenye kioo. Ndiyo mitikisiko ya A kwa sekunde moja, na wenye kinanda wengi wanafuata hiyo. Kitufe kikibonyezwa ndani ya mkoba ikawa 443 au 438, ukulele itakubaliana na nafsi yake na kugombana na kinanda usiku kucha. Na ukumbi wenye kiyoyozi uwape nyuzi muda wa kuzoea ndipo utuni.

Sasa kuna jambo lililotufanya tuiheshimu tyuna hii kuliko yote hayo. Mwaka jana tulimshonea biharusi aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi alitaka kumwimbia mjukuu wake usiku wa hina, wimbo wa nyumbani kwao ambao alikuwa akimbembelezea utotoni. Alikuja siku ya kupima nguo, tukajaribu pamoja. Sauti ilikuwa haifiki. Kila akipanda inakatika, anakohoa, anatabasamu kwa haya. Mara ya tatu akasema, "Niacheni wanangu, umri umekwenda, imbeni nyinyi." Biharusi alikuwa amesimama na pini kiunoni, hakusema kitu, lakini uso wake ulisema.

Tukashusha ukulele nzima kwa sauti moja. Hapo ndipo ujue kuwa tyuna nyingi zina hali mbili. Hali ya ukulele inatafuta zile sauti nne tu, ukishusha inachanganyikiwa. Hali ya kromatiki inatambua sauti zote, na kwa kawaida inaandikwa C pembeni ya kioo. Tukaweka F, B bemoli (kioo kinaonyesha B yenye alama ndogo kama b, au A yenye reli), D na G. Vidole vinashika palepale, ila wimbo wote unashuka. Nyuzi zinalegea kidogo, ukipiga kwa nguvu zinavuma, kwa hiyo tulipiga kwa upole. Bibi akaimba mpaka mwisho pale dukani. Usiku wa hina aliimba beti zote akiwa amekaa kitini na mkono wa mjukuu wake mapajani. Wanja wa biharusi ulishuka mpaka shavuni, somo akawa na kazi ya kuanza upya.

Tuje kwenye kuitunza. Usiiache imebana kichwani mwa ukulele siku nzima. Mpira wake unaweza kuacha alama kwenye vanishi, na ukulele ikiangukia upande ule kibanio ndicho kinachovunjika. Itoe kila unapomaliza. Ifute kwa kitambaa kikavu kama vidole vina liwa au mafuta ya nazi, na usiipulizie manukato. Upepo wetu wa pwani una chumvi na unyevu, masika ndiyo usiseme, na vile vipande vya chuma vinavyoshika betri vinapata kutu. Sisi tunaiweka kwenye kikopo chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kama haitatumika mwezi mzima, mathalani Ramadhani, tunatoa betri kabisa.

Na hiyo betri, kina mama, tusikilizeni. Nyingi zinatumia ile bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Inafanana na kifungo cha koti. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya masaa 2, hata ile inayoonekana imekwisha. Usimtapishe, usingoje uone kama itatoka, mkimbize hospitali na uwaambie ni betri. Duka la fundi nguo lina vifungo kila mahali sakafuni, na mtoto hajui tofauti. Kwa hiyo tyuna yetu tumeichagua yenye mfuniko wa betri unaofungwa kwa skrubu, si ule wa kusukuma kwa ukucha. Betri mpya zinakaa kwenye pakiti yake juu ya kabati. Zilizokwisha tunazizungushia tepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa, na mteja akija na mtoto anayetambaa, mmoja wetu anapiga ufagio kwanza ndipo tunaanza kupima.