Mito Miwili

Mkulima wa Mgeta alipoona damu katika mkojo, isiyo na maumivu, alidhani ni kichocho. Miezi ikapita. Picha ikafichua saratani katika figo ya kushoto. Akateremka kutoka Uluguru hadi Dar es Salaam. Wanawe wakatoa damu, naye akalala bila kula wala kunywa kungoja zamu yake.

Alimwuliza tabibu jambo moja tu: mtu huishi na figo moja? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1869, Gustav Simon wa Heidelberg alipomtoa mwanamke mmoja figo, naye akapona. Figo ibakiayo hukua, ikabeba kazi ya mwenziwe.

Baada ya kupasuliwa alifundishwa kukohoa akiwa amekumbatia mto juu ya kidonda. Maji aliyonyweshwa yalikuwa ya mto pia: Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima ya kwao.

Sasa yuko Mgeta. Jembe limeegemea ukuta, mkewe ndiye alimaye, naye anahesabu miezi ya kurudi kupimwa. Vijana wakimwamkia, huwajibu, kisha huwausia: damu isiyouma msiingoje.