Nyumba ya kuikala

Likasi, ukimuuliza mtu nyumba yake ni ya namna gani, hataanza na idadi ya vyumba. Ataanza na ukuta. Nyumba ni "durable" au si "durable". Iliyo durable ni ya saruji au ya matofali ya kuchoma. Isiyo durable ni ya adobe, yaani matofali mabichi yaliyokaushwa juani, hata kama imesimama miaka arobaini na ile ya jirani yenye saruji imeshapasuka kona mbili. Neno limetoka katika Kifaransa cha ofisi, kile kinachogawa nyumba kwa vifaa vyake, na sasa ni neno letu. Utalisikia kwa anayetafuta mpangaji, utalisikia katika mipango ya posa, na watoto wakigombana njiani utalisikia pia.

Mwezi wa Agosti kulifanyika warsha ya siku sita katika uwanja wa parokia moja huko Kikula. Mada ilikuwa kujenga kwa udongo na kupanga nyumba isiyokula moto mwingi wala umeme mwingi. Mwalimu alikuwa msanifu wa majengo aliyefundisha kwa Kifaransa. Waliokuja walikuwa watu kama ishirini: mafundi wa kuta, wafyatuaji wa matofali, na akina mama watano ambao kazi yao ni kukandika. Mimi niliitwa kuwa mkalimani, kwa malipo ya nauli na bukari ya mchana. Nilikubali upesi, kwa sababu nilitaka kukusanya maneno ya ufundi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Na kulikuwa na jambo la nyumbani, nitalifikia.

Asubuhi ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili: construire durable. Wanaume wa mstari wa mbele walitabasamu. Fundi mmoja mzee, ambaye wote walimwita Baba Kapita, aliuliza kwa heshima: "Njo ile tunatafuta. Sima itakuya lini?" Mwalimu akajibu kwamba hakuna saruji itakayokuja, kwamba durable anayoisema yeye ni udongo. Nilipotafsiri, watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha na wawili wakasimama kuchukua baiskeli zao. Kwao ilionekana kama mzaha: umeacha kibarua cha siku, unaahidiwa durable, halafu unapewa kile ambacho bibi yako alikuwa nacho.

Msomaji wa kitivo chetu ameshaona tatizo lilipo. Durable la Kifaransa linatoka katika kitenzi cha Kilatini durare, ambacho ni kudumu, na pia kufanya kitu kiwe kigumu. Ugumu huo ndio uliofika Kongo kwanza, pamoja na saruji. Baada ya ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, Kifaransa kilihitaji neno la maendeleo yasiyokula mali ya wajukuu. Kilisita kati ya soutenable na durable, na durable likashinda. Tangu hapo neno moja linabeba mizigo miwili, na katika suala la nyumba mizigo hiyo inavutana: saruji ni durable kwa maana ya zamani, udongo ni durable kwa maana mpya. Wasemaji wa Paris wanaweza kuishi na hali hiyo. Lakini pale Kikula ilikuwa karibu ivunje warsha kabla ya saa tatu asubuhi.

Kiswahili sanifu kimelitatua jambo hili kwa kutenganisha: kuna -a kudumu na kuna endelevu. Nikalitoa hilo la pili, kama mtu anayetoa noti ya nchi jirani aone kama sokoni wataipokea. Mama mmoja aliuliza lina maana gani. Nikaeleza kwamba limejengwa juu ya kuendelea. Baba Kapita akafikiri. "Nyumba yenye kuendelea," akasema, "inaenda wapi? Nyumba haiende. Nyumba inaikalaka."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari nikiwa bado nimesimama mbele za watu. Kuikala ni kitenzi chetu cha kila siku Katanga, ndicho kile ambacho pwani ni kukaa. Kiambishi -ak- kabla ya irabu ya mwisho kinaonyesha mazoea, kazi ambayo Kiswahili sanifu kinampa hu-. Kwa hiyo mzee alisema: nyumba hukaa. Inakaa yenyewe bila kuanguka, na watu wanakaa ndani yake. Wale wawili waliweka baiskeli zao chini.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za udongo mtupu, na hapo mwalimu na mafundi walibadilishana viti. Anayejua nchi ya Haut-Katanga anajua vichuguu vyetu: vilima vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, vilivyotawanyika msituni na hata katikati ya mitaa. Wafyatuaji wa matofali wanavipenda kwa sababu mchwa huchagua chembe ndogo za mfinyanzi na kuzipandisha. Udongo wake unashikana vizuri. Ubaya ni kwamba ukiutumia peke yake unapasuka ukikauka, mfinyanzi umezidi, na lazima utie mchanga. Mwalimu alionyesha jaribio la chupa: tia udongo, tia maji, tikisa, acha utulie. Mchanga unakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu, na unapima kila tabaka kwa rula. Kisha jaribio la sigara: viringisha udongo wenye unyevu uwe mrefu kama sigara, usukume taratibu nje ya ukingo wa meza, uangalie unavunjika ukiwa na urefu gani. Ukivunjika mapema mno, mfinyanzi hautoshi. Ukichelewa mno, umezidi.

Baba Kapita hakuwa na rula. Aliusugua udongo kati ya vidole karibu na sikio lake na kusema, "Huu unalia." Maana yake mchanga umo. Wa kichuguu "unanyamaza". Tulilinganisha mara saba, chupa na sikio, na mara sita zilikubaliana. Ya saba ilizua ubishi hadi bukari ikapoa.

Maneno ya vyombo yalinifurahisha kwa namna nyingine. Vitabu vya Tanzania vinasema mwiko, timazi, pima maji, kalibu. Mafundi wetu wanasema truwele, filaplo, nivo, mule. Mtu anaweza kuhuzunika akiona Kifaransa kimekula ufundi wote. Mimi sihuzuniki sana. Vyombo vilikuja na majina yake katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na iliyoufanya mji huu, wakati ule ukiitwa Jadotville, uwe mji. Lakini sikia akina mama wa kukandika: hakuna neno la Kifaransa hata moja kati ya udongo na kiganja. Kukanyaga, kukandika, kulainisha, kusugua. Mkopo umeingia pale ambapo chombo kimeingia. Palipobaki mkono pamebaki Kiswahili.

Jambo gumu kutafsiri lilikuwa inertie thermique. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu uzito na joto, na nilipokuwa katikati yake mama mmoja akanisaidia: "Ni kama chungu. Unaitosha pa moto, inabaki na joto yake." Ndiyo hasa. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto mchana polepole na kulitoa usiku polepole. Likasi iko juu, mita zaidi ya 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika kiangazi, Juni na Julai, mchana ni wa jua na usiku ni wa baridi kweli. Huo ndio wakati watu wanaingiza mbabula ndani wakiwa wamefunga madirisha. Moshi wa makala unaoua hauonekani wala haunuki, na hakuna aliyekaa pale uwanjani ambaye hakuwa na jina la mtu wa kutaja.

Oktoba ni shida nyingine. Sisi tuko kwenye nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linatupita juu ya utosi, na tena baada ya katikati ya Februari. Ukuta hauna la kufanya hapo. Joto linaingia kwa paa. Mabati bila dari ni sufuria iliyofunikwa juu ya watu. Mwalimu alitaka dari, hata ya matete na udongo, na matundu mawili juu ya kuta, kwenye pembe tatu za paa, ili hewa ya moto itoke. Alituonyesha picha ya jengo la Eastgate huko Harare, la mwaka 1996, ambalo msanifu wake Mick Pearce alijifunza kwa vichuguu namna ya kupitisha hewa. Mafundi waliitazama kwa adabu. Waliyemheshimu zaidi alikuwa mchwa.

Kulikuwa na mashine ya mkono ya kushindilia matofali, jamaa ya ile CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950. Unatia udongo wenye saruji kidogo, unavuta mpini, tofali linatoka limenyooka na halihitaji tanuru. Vijana waliipenda. Na kweli, tanuru ndiyo kiini cha hesabu yote. Matofali ya kuchoma yanataka kuni siku nzima na usiku mzima, na kuni hizo zinatoka katika msitu uleule wa miombo unaotupa makala ya kupikia. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira linatoa umeme tangu mwaka 1930, lilijengwa kwa ajili ya migodi, lakini jioni Kikula inanuka makala.

Swali moja halikupata jibu la kutosha. Mama mmoja kutoka upande wa Shituru, ambako madini yanasafishwa, aliuliza kama udongo wa huko unafaa kukandika chumba cha watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti na metali nyingine kwa kiwango kikubwa katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwalimu alisema wachukue udongo mbali na viwanda. "Mbali ni wapi?" aliuliza mama. Nilitafsiri swali hilo pia, na mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Sasa la nyumbani. Nyumba ya mama yangu ni ya adobe, vyumba vitatu, ilijengwa na babu. Mvua za Novemba hadi Machi hurusha matone kutoka ardhini, na ukuta wa magharibi ulikuwa umelika chini hadi unaweza kuingiza kiganja. Dada yangu alikuwa anangojea wakwe kutoka Lubumbashi. Baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wetu, alisema wageni hawawezi kupokewa katika nyumba ya udongo. Abomoe, ajenge durable. Pesa iliyokuwapo ingetosha kuta za matofali ya kuchoma kwa chumba kimoja na nusu, bila paa.

Sikumhutubia. Kijana wa miaka 24 hamfundishi baba yake mdogo mambo ya nyumba. Nilimwalika Baba Kapita Jumapili, wakanywa chai, na mzee akazunguka nyumba mara mbili akigonga kuta kwa ngumi. Kisha akasema ukuta hauna ugonjwa, una miguu mitupu. Nyumba ya udongo inataka viatu na kofia: msingi wa mawe unaopanda juu ya matone, na paa linalotokeza nje vya kutosha. Baba mdogo akauliza, "Na wageni wataona nini?" Mama, aliyekuwa kimya hadi hapo, akajibu: "Baba Mudogo, wataona nyumba yenye babu alituachia, na haitaanguka juu yao."

Baba mdogo hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki mbili baadaye, kwa sharti kwamba ukuta wa mbele upigwe chokaa nyeupe. Akina mama wawili wa warsha walikuja kukandika, na dari ya matete iliwekwa katika chumba cha kulala kabla ya Oktoba. Wakwe walikuja. Mmoja wao aliuliza kwa nini sebuleni hakuna joto; yule mwingine aliuliza lini mtajenga.

Mwalimu naye anaandaa kijitabu cha kurasa chache kwa ajili ya mafundi, nami natafsiri. Ilibidi jalada liwe na neno. Nilipeleka matatu kwa mafundi: nyumba ya kudumu, nyumba endelevu, nyumba ya kuikala. La kwanza walisema ni la kanisani. La pili walilikumbuka na kucheka tena. Wakachagua la tatu, na kijana wa mashine akaongezea mkia: "Nyumba ya kuikala, bila makala." Hakujua kwamba amefanya somo la fonolojia. Kiswahili cha pwani kiliidondosha l katika maneno yote mawili, kikabaki na kukaa na makaa. Chetu kimeihifadhi katika yote mawili.

Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu yangu amezungushia "kuikala" duara na kuandika pembeni: sanifisha. Nimemwandikia ukurasa mmoja na nusu kumweleza kwa nini ninaomba libaki. Bado sijapata jibu lake, na mchapaji anataka jalada Ijumaa.