Nilivyochagua Simu ya Kikundi

Mimi ni mwalimu wa watu wazima. Nina umri wa miaka 34, na nina cheti cha elimu ya watu wazima. Nasimamia madarasa ya kisomo katika kata moja ya Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya. Kosa hilo ndilo lililonifundisha kuchagua simu.

Darasa letu la jioni lina wanakisomo 24. Wengi wao ni akina mama. Wote ni wakulima wa mahindi na alizeti. Mwaka 2025, baada ya mavuno, tulikubaliana kununua simu janja moja ya kikundi. Kila mwanakisomo alitoa shilingi 10,000. Zikapatikana shilingi 240,000. Fedha hizo hazikupatikana kwa urahisi. Mama mmoja aliuza kuku wake. Mzee mmoja alifanya kibarua cha kupukuchua mahindi kwa siku nne.

Kabla ya kununua, tulijiuliza: simu hii itatufanyia kazi gani? Tuliandika majibu ubaoni. Mama mwenyekiti wa kikundi akayanakili kwenye karatasi. Aliandika polepole, herufi moja moja, kwa maana alijifunza kuandika mwaka uliotangulia. Karatasi yake ilisema hivi:

1. Kupiga picha mahindi yenye viwavijeshi na kumpelekea bwana shamba kwa WhatsApp.
2. Kuuliza bei ya mahindi soko la Kibaigwa kabla ya kupakia magunia.
3. Isomeke kwa Kiswahili.
4. Ikae na chaji siku mbili.

Mzee mmoja alitaka tuongeze kazi ya tano, yaani kutunza fedha za kikundi. Tukaona hakuna haja. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na hutumika kwa simu yoyote. Mtunza hazina wetu ana simu ya kitochi. Hubonyeza *150*00# na kazi inakwisha.

Basi mama mwenyekiti akanikabidhi ile karatasi. Akasema, "Mwalimu, sisi simu hizi hatuzijui. Tunakujua wewe."

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

SIMU JANJA ZA AINA MBILI

Kabla sijaendelea, yafaa tuelewe jambo moja. Simu janja ina mwili, na ndani yake ina mfumo endeshi. Mwili ni kioo, betri na kamera. Mfumo endeshi ni maagizo yanayoiongoza simu. Bila maagizo hayo, simu ni kioo kitupu. Duniani leo karibu simu janja zote zinatumia mmoja kati ya mifumo miwili.

Mfumo wa kwanza unaitwa iOS. Huu ni wa simu za iPhone peke yake. Simu hizo ni za kampuni ya Apple ya Marekani, na zilianza kuuzwa mwaka 2007. Kampuni hiyo ndiyo inayobuni simu, na ndiyo inayotengeneza mfumo wake. Hakuna kampuni nyingine inayoruhusiwa kuutumia.

Mfumo wa pili unaitwa Android. Kampuni ya Google, nayo ya Marekani, iliununua mwaka 2005. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Mfumo huu hutumiwa na kampuni nyingi. Samsung ya Korea Kusini huutumia. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China, nazo huutumia. Kwa sababu hiyo simu za Android zina bei nyingi. Zipo za bei kubwa sana, na zipo ambazo mkulima anaweza kuzinunua.

Mifumo hii yote miwili hupata matoleo mapya. Toleo ni kama chapa mpya ya kitabu. Makosa husahihishwa na mambo mapya huongezwa. Lakini simu haipati matoleo mapya milele. Ikizeeka, huachwa. Jambo hili nilikuwa nimelisikia, ila sikulitilia maanani.

JAMBO LILILONIPATA MJINI

Mwezi wa Julai niliitwa kwenye semina mjini Dodoma. Nilichukua shilingi 20,000 za kikundi mkononi. Zile 220,000 zilibaki kwa mtunza hazina. Tulikubaliana kwamba nikipata simu nitapiga, naye atanitumia.

Katika semina, wenzangu waliweka simu zao mezani. Nilipoitoa yangu, watu wawili walicheka. Yangu ilikuwa kitochi, na betri yake nilikuwa nimeifunga kwa mpira. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo ipeleke makumbusho." Nami nikacheka, lakini moyoni niliona aibu.

Saa ya chakula nilitoka, nikaenda kutazama maduka. Duka moja lilikuwa likiuza iPhone zilizotumika tu. Nikaona iPhone 6. Ilikuwa nyembamba na inang'aa. Muuzaji alitaka shilingi 230,000. Akasema, "Mwalimu, ukiishika hii, watu watakuheshimu."

Ndugu msomaji, nitasema ukweli. Wakati ule sikuyafikiria mahindi ya kikundi. Niliifikiria meza ya semina. Simu ingekuwa ya kikundi, lakini mbebaji wake ningekuwa mimi.

Nilimpa muuzaji shilingi 20,000 ziwe kishika uchumba mpaka kesho yake. Akaniandikia risiti. Nikaikunja bila kuisoma.

Jioni nilimpigia mama mwenyekiti. Nikamwambia nimepata simu nzuri. Akaniuliza, "Umeijaribu kwa zile kazi nne?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Nimeijaribu."

Nilikuwa sijaijaribu hata kazi moja.

NILIVYOISOMA KARATASI

Usiku ule sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho nilimwona mama yule akiandika polepole kwenye karatasi. Alfajiri niliwasha taa, nikaitoa karatasi, nikaisoma. Halafu nikaisoma na risiti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: "Kishika uchumba hakirudishwi."

Nikajiona mjinga. Kila jioni ninawaambia wanakisomo wangu wasiweke sahihi wala kutoa fedha kabla ya kusoma. Kumbe ni kweli, mganga hajigangi.

Kulipokucha nilirudi dukani na karatasi mkononi. Nikamwambia muuzaji, "Ndugu, tuijaribu simu hii kwa kazi nne."

Kazi ya kwanza ilihitaji WhatsApp. Muuzaji akajaribu kuiweka. Maandishi ya Kiingereza yakatokea. Yalisema kwamba programu ile inataka iOS toleo la 15.1 au zaidi. Tukatazama toleo la simu. Lilikuwa la 12. Muuzaji akajaribu kulipandisha. Halikupanda.

Baadaye fundi simu mmoja alinieleza sababu. iPhone 6 ilitoka mwaka 2014. Toleo kubwa la mwisho ililolipata ni hilo la 12, lililotoka mwaka 2018. Tarehe 5 Mei 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizofika toleo la 15.1. Kwa hiyo simu ile ilikuwa nzima kwa nje, lakini kwa kazi yetu ilikuwa imekwisha.

Kazi ya pili nayo ikaanguka hapo hapo, kwa maana mfanyabiashara wetu wa Kibaigwa hutuma bei kwa WhatsApp.

Kazi ya tatu ilikuwa Kiswahili. Menyu za simu ile hazikusomeka kwa Kiswahili. Mimi najua Kiingereza kidogo. Wanakisomo wangu hawakijui.

Kazi ya nne ilikuwa chaji. Betri ya iPhone 6, ilipokuwa mpya, ilikuwa ya milliampea-saa 1,810. Namba hiyo huonyesha ukubwa wa betri, kama debe linavyopimwa kwa lita. Na hiyo ilikuwa imeshatumika kwa miaka mingi. Tena tundu lake la chaji lilikuwa la aina ya iPhone. Kibandani kijijini kwetu hakuna waya wa namba hiyo.

Simu ilishindwa kazi zote nne. Nikaomba nirudishiwe shilingi 20,000. Muuzaji akanionyesha risiti. Sikuwa na la kusema.

Nilikwenda duka jingine. Huko nilikuta simu mpya ya Android ya bei ya chini, shilingi 215,000. Safari hii sikuuliza jina wala sifa zake. Nilitoa karatasi. Ilikuwa na toleo la 14 la Android. Wakati huo WhatsApp ilihitaji Android toleo la 5.0 au zaidi, kwa hiyo ilikubali mara moja. Lugha ya Kiswahili ilikuwamo. Betri yake ilikuwa ya milliampea-saa 5,000. Waya wake ni kama ule wa kibandani. Nikasoma risiti na karatasi ya dhamana, neno kwa neno. Ndipo nikampigia mtunza hazina atume fedha.

DARASANI

Jioni ya siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa. Kabla ya kuonyesha simu, niliwaeleza yote. Niliwaeleza aibu ya semina, simu niliyoitamani, na uongo niliomwambia mama mwenyekiti. Nikasema kwamba shilingi 20,000 zimepotea kwa kosa langu, nami nitazilipa mwisho wa mwezi.

Darasa likanyamaza. Yule mzee aliyepukuchua mahindi aliinamisha kichwa. Nilijua anahesabu. Shilingi 20,000 ni mchango wa watu wawili.

Mama mwenyekiti ndiye aliyevunja ukimya. Akasema, "Mwalimu, utalipa. Lakini siku nyingine nikikuuliza, nijibu kweli. Sisi tunajifunza kusoma ili tusidanganywe."

Mwisho wa mwezi nililipa. Mtunza hazina aliandika daftarini, nami nikaweka sahihi baada ya kusoma.

Jioni ile tuliiwasha simu pamoja. Kioo kiliuliza lugha. Tukachagua Kiswahili. Mama mwenyekiti akaishika kwa mikono miwili, akasoma kama tunavyosoma ubaoni: "Mi-pa-ngi-li-o." Akarudia, "Mipangilio!" Darasa zima likapiga makofi.

Tulipofungua programu moja, maneno mawili yakatokea: "Ruhusu" na "Usiruhusu". Kijana mmoja akataka kubonyeza haraka. Mama akamzuia. "Subiri, mwanangu. Nani anaomba ruhusa? Anaomba nini?" Tukasoma vizuri. Programu ile ilikuwa inaomba orodha ya majina na namba za watu wetu. Kazi yake ilikuwa kumulika kama tochi. Mama akasema, "Tochi ina haja gani na majina ya watu?" Akabonyeza "Usiruhusu".

Hapo nikaona kwamba tumepata simu inayotufaa.

TUSHIKE NINI?

Ndugu msomaji, sisemi kwamba iPhone ni simu mbaya. iPhone mpya ni simu imara. Apple hupeleka matoleo mapya kwa simu zake kwa miaka mingi, tena kwa siku moja. Simu nyingi za Android za bei ya chini hazipati matoleo mengi hivyo. Tangu mwaka 2023, iPhone mpya nazo hutumia waya wa chaji kama wa simu nyingi za Android. Mtu mwenye uwezo na kazi inayoihitaji, na ainunue.

Ila nilikuwa nalinganisha jina kubwa lililozeeka na jina dogo lililo jipya. Nikachagua kwa macho ya watu wengine.

Kwa hiyo, ukitaka kununua simu, fanya hivi. Kwanza, andika kazi zako kwenye karatasi. Pili, uliza toleo la mfumo endeshi, na jaribu kila kazi hapo hapo dukani. Tatu, kama simu imeshatumika, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake. iPhone na Android zote zina kufuli la kuzuia wezi. Kufuli hilo likibaki, utakuwa umenunua kioo. Nne, soma risiti kabla ya kutoa fedha.

Karatasi ya mama mwenyekiti bado ninayo. Nimeibandika ukutani, juu ya meza yangu.

TUJADILIANE

1. Kwa nini mwalimu alitaka kununua iPhone 6?
2. Mfumo endeshi ni nini? Taja mifumo miwili ya simu janja.
3. Simu hubonyezwa "Ruhusu" mara nyingi bila kusomwa. Hatari yake ni nini?
4. Je, ilikuwa haki mwalimu kulipa shilingi 20,000 peke yake? Toeni sababu.
5. Andika kazi nne ambazo wewe ungependa simu yako ikufanyie.