Ana Jina Lake, Siyo "Yule wa Picha"

Ukitaja okestra kwa watu wa rika langu, wengi watakumbuka magitaa na tarumbeta za Maquis. Ile nyingine ya violini, ya watu waliovaa nyeusi na kukaa kimya kama wako msibani, tunaona ni muziki wa marehemu wa Ulaya. Kumbe wapo watunzi wa siku hizi, tena wanatunga juu ya mambo yanayotokea kwenye simu zetu!

Mmoja wao ni mwanamama wa Kanada, Jocelyn Morlock, aliyefariki mwaka 2023. Kazi yake iliyonigusa inaitwa My Name is Amanda Todd, yaani "Jina langu ni Amanda Todd".

Amanda alikuwa binti wa British Columbia, magharibi mwa Kanada. Akiwa bado mtoto wa shule, mwanaume asiyemjua alimrubuni kwenye intaneti, akanasa picha yake akiwa kifua wazi. Akamtishia nayo, kisha akaisambaza. Binti akahama shule, picha ikamfuata. Septemba 2012 aliweka video YouTube, akisimulia yaliyomkuta kwa kadi alizoandika kwa mkono. Mwezi uliofuata alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 15. Mwanaume yule alitiwa hatiani Kanada mwaka 2022.

Mei 2016, okestra ya National Arts Centre mjini Ottawa ilipiga onyesho lililoitwa Life Reflected. Watunzi wanne, wanawake wanne wa Kanada. Zosha Di Castri alitunga juu ya mwandishi Alice Munro, Nicole Lizée juu ya mwanaanga Roberta Bondar, na John Estacio juu ya mshairi Rita Joe. Morlock akatunga juu ya Amanda. Hebu fikiria: binti aliyechekwa shuleni anawekwa safu moja na mshindi wa Nobel na mwanamke aliyekwenda angani! Mwaka 2018 kazi hiyo ilimpa Morlock tuzo ya Juno.

Kwa nini inaniuma? Nina rafiki ambaye picha zake zilisambazwa na mpenzi wake wa zamani. Ndani ya wiki moja watu walisahau kwamba ni mchapakazi na mcheshi. Akawa "yule wa picha". Hata waliomwonea huruma walimwita hivyohivyo.

Nilimsikilizisha mume wangu muziki ule, na yeye ni mtu wa bongo fleva damu damu. Ni kama dakika kumi tu. Mimi nilisikia sauti zikisongamana kama maneno ya watu, halafu taratibu kitu kikainuka katikati yake, kikasimama. Ulipoisha, mwenzangu akaniuliza, "Na yeye rafiki yako, anaendeleaje?" Hakusema "yule". Alimtaja kwa jina.

Mapenzi ya siku hizi yana simu katikati, tusidanganyane. Mwenzako akikukabidhi siri yake, umeshika heshima yake, na mkiachana bado ni yake. Na wewe unayeletewa picha ya mtu kwenye kundi la marafiki, kabla kidole hakijabonyeza, kumbuka kuwa huyo ana jina, na kuna mama aliyempa.