Damu Ipimwe

Wanafunzi wa udaktari niliowapokea kwa mazoezi, kwanza Kilosa na baadaye Mikumi, huja wamesoma. Waulize kwa nini mama hutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, watakutajia sababu zote nne bila kusita: mfuko wa uzazi uliolegea, mchaniko wa njia ya uzazi, kondo la nyuma au vipande vyake vilivyobaki ndani, na damu isiyoganda. Swali linalofuata ndilo huwatoa jasho. Mama huyu aliyelala hapa amepoteza kiasi gani?

Hapo wote hutupia macho kitandani. "Kama mia mbili hivi, daktari."

Ndiyo maana kila kundi jipya nalianzishia mezani kabla halijaingia leba. Natandaza khanga kuukuu, ya aina ile ile ambayo akina mama wetu huja nayo kwenye beseni, nachukua nusu lita ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu na kuyamimina polepole mpaka kitambaa kiyanywe. Ukiitazama, haitishi. Doa pana, pindo bado kavu upande mmoja. Wengi hukisia nusu ya nilichomimina. Kisha naiweka kwenye mzani: uzito wa khanga iliyolowa, toa uzito wake ilipokuwa kavu, kila gramu ihesabiwe mililita moja. Leba yenyewe ina ugumu zaidi, kwa kuwa damu huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine hutiririka chini ya mgongo wa mama, nyingine hufutwa sakafuni kabla yeyote hajaiona. Miaka mingi kazini haimpi mtu jicho la kupima hayo. Wakunga hodari kabisa nao hukisia pungufu.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini kwa akina mama zaidi ya 200,000. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida zilitambua karibu nusu tu ya waliovuja damu nyingi. Zilizopewa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mililita, na kutoa tiba zote kwa mkupuo, zilitambua zaidi ya 9 katika kila 10, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe hazikuwa ngeni. Ni hizi hizi za kabatini kwetu.

Kwa mkupuo maana yake nini? Mmoja anasugua mfuko wa uzazi kupitia tumbo mpaka ukaze. Mwingine anatundika dripu na kutoa oksitosini. Gramu 1 ya asidi ya traneksamiki inaingia mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Kibofu kimwagwe, maana kikijaa mfuko wa uzazi haukazi. Halafu taa isogezwe karibu, mchaniko utafutwe, kondo likaguliwe kama limetoka zima. Asiwepo wa kusema tungoje kwanza dawa hii tuone.

Na hiyo oksitosini ukaiangalie friji yake mwenyewe, mwanangu. Inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Joto la Kilosa unalijua, na umeme ukikatika usiku chupa hubaki na lebo nzuri, kumbe ndani yake nguvu imekwisha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika wilaya hii ya Kilosa. Mama aliyeugua malaria akiwa mjamzito anafika kujifungua akiwa na damu gramu 7; mililita 500 kwake ni janga. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilielekeza tuanze tiba kwenye mililita 300 ikiwa kuna hata dalili moja ya hatari, kama mapigo ya moyo kuzidi namba ya juu ya presha. Akina mama hawa wana miili migumu: presha hubaki nzuri mpaka dakika ya mwisho, mapigo ndiyo hutangulia kusema. Na pale Mikumi barabara kuu ya kwenda Iringa inapita mlangoni. Ajali moja ya basi inaweza kumaliza akiba ya damu ambayo mama wa usiku ule angeihitaji.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Nimeuona unafuu huo wodini kwa macho yangu, na nautaka uendelee.

Damu ikikataa kusimama, piga 115 mapema uombe gari la rufaa, maana njia ya Kilosa kupitia kata ya Ulaya wakati wa masika haina huruma. Garini usikae mbele na dereva. Kaa na mama, ngumi ndani ya uke, mkono wa pili juu ya tumbo, ubane mfuko wa uzazi katikati. Kwenye barua ya rufaa andika mililita na saa. Ukiandika "damu nyingi" anayempokea hana la kufanyia hesabu. Mwambie kundi la damu kwa simu kabla hamjaondoka, aanze kutafuta wachangiaji.