Amri ya Mara Moja

Seva ni kompyuta itumikiayo watu wengi kwa wakati mmoja, na aghalabu hukaa mbali na macho ya wote inaowatumikia. Haina kioo wala baobonye. Imefungwa katika kabati la chuma pamoja na wenziwe, ndani ya chumba chenye baridi na uvumi wa feni. Inapougua, fundi wake huenda yu mji mwingine. Lakini juu ya ubao wake kimepachikwa kidhibiti kidogo kisicholala, ambacho hubaki macho maadamu umeme upo, hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Fundi husema na kidhibiti hicho kwa maandishi. Kanuni za mazungumzo hayo, ziitwazo IPMI, zilitolewa mwaka 1998 na makampuni manne: Intel, Hewlett-Packard, NEC na Dell. Mwaka 2015 zilitokea kanuni mpya za Redfish, ila lugha ile kongwe ingali ikisemwa.

Ni lugha fupi hata ikaonekana kavu. Atakaye seva iamke kwa kufuata mtandao badala ya diski yake huandika chassis bootdev pxe, bila ya tafadhali wala asante, kisha huiamuru izimike na kuwaka. Uzuri wa amri hiyo ni ufupi wa maisha yake. Ni ya mwamko mmoja tu; seva ikiisha kuitii huisahau na kurudia desturi yake. Tena, zikipita sekunde 60 bila ya agizo la kuizima au kuiwasha, kanuni zataka amri hiyo ianguke yenyewe. Walioitunga walijua kuwa mtu hukatizwa: simu hulia, mgeni hubisha hodi, na neno lililokwisha toka mkononi husahauliwa na aliyeliandika.

Lakini fundi aweza kuongeza options=persistent, na amri ikawa ya kudumu. Hapo pana hatari. Mathalani, huko mtandaoni imewekwa programu ya kusimika mfumo mpya, nayo huanza kwa kufuta diski bila ya kumwuliza mtu. Seva itaamka, itafutwa, itasimikiwa mfumo, itazimika na kuwaka. Na kwa kuwa amri ingalipo, itarudi kufutwa upya. Hasara hiyo hugunduliwa upesi. Mbaya zaidi ni ile iliyojificha. Programu yaondolewa kazi iishapo. Seva haikuti kitu mtandaoni, yaangukia diski yake, yatumika miezi mingi kwa amani. Kisha programu yarudishwa kwa ajili ya seva nyingine, na usiku huo umeme wakatika. Seva iliyobeba alama za wanafunzi yaamka ikilitii neno la mtu ambaye pengine amekwisha hama kazi.

Fundi mwangalifu huuliza kabla ya kuondoka. Huandika chassis bootparam get 5, na kidhibiti humjibu kama amri iliyomo ni ya mwamko ujao tu au ya miamko yote ijayo. Jibu hilo ni mstari mmoja kati ya mistari kadhaa, nao hupitwa na macho kwa urahisi.