Mapajani mwa Isis

Kati ya sanamu ndogo za shaba za Misri ya kale, zile za Isis akimnyonyesha mwanawe Horus, zipo ambazo mtoto hayupo. Alisubiwa peke yake, akapachikwa mapajani mwa mama. Baadaye aling'oka, akapotea. Mama amebaki vilevile: mkono mmoja umeshika titi, wa pili umekunjwa kuegemeza kichwa ambacho hakipo. Kwangu mimi, hizo zinasema kweli kuliko zile zilizo kamili.

Mafundi walianza na nta. Walifinyanga umbo, wakalivika udongo, wakalichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, na shaba iliyochanganywa na bati ikamiminwa palipoachwa wazi. Nyingi ni za baada ya mwaka 664 kabla ya Kristo. Watu walizipeleka hekaluni, na chini ya baadhi yake limechongwa jina la mtoaji, pamoja na ombi kwamba Isis ampe uhai.

Waliomwomba walijua yaliyompata. Mumewe Osiris aliuawa na Seth, ndugu yake mwenyewe, naye Isis akamficha mtoto katika mafunjo ya delta ya Nile. Siku moja alikwenda kutafuta chakula. Aliporudi alimkuta Horus amelegea, sumu ya nge mwilini. Jiwe la Metternich, la karne ya 4 kabla ya Kristo, linasimulia kwamba kilio chake kilisimamisha mashua ya jua, mpaka Thoth akashuka kumponya mtoto.

Hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, Kongo, tunaishi juu ya shaba, na jua halijamsimamia mama yeyote. Nimekaa kwenye vilio vya watoto wachanga waliofariki. Wanaume wako nje kwenye viti. Mama yuko ndani, juu ya mkeka, ameegemea ukuta, maziwa yamepenya kitenge. Anayeingia humwambia, "Nyamaza, mama, Mungu atakupa mwingine." Husema kwa huruma, najua, ila maneno hayo yanaumiza. Atakayezaliwa atakuwa mtu wake, hatakuwa huyu. Kisha viti hurudishwa kwa wenyewe, na jina la mtoto halitajwi tena, kana kwamba aliyeishi wiki mbili hakuishi.

Waliotutangulia katika nchi hii waliwaaga watoto kwa namna nyingine. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza mwaka 1957 kufukua makaburi, mengine ya miaka kama elfu moja iliyopita. Wafu walizikwa na vyungu, na katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, vya kadiri yao. Hata aliyeishi kidogo alipewa vyake.

Basi ukifika kwenye kilio cha mtoto, usimtajie mama mtoto ambaye hajazaliwa. Muulize jina la huyu aliyeondoka, ulitamke. Na mkikutana sokoni mwezi ujao, litamke tena.